Bolti ya Kumi Inabeba Nini?

Dereva wa taksi alikuwa amechuchumaa kando yangu, mkono mmoja juu ya tairi, akitazama ninavyozungusha spana. Bolti ilikuwa inazunguka tu. Haikazi, haitoki. Nyuma ya bati nilisikia nati nayo ikizunguka pamoja nayo, mle ndani ya boksi la bodi ambamo hata kidole hakiingii.

Madigadi ya mbele kushoto ilikuwa imeshikwa na skrubu za bati. Kila palipokuwa na bolti ya kiwandani palibaki tundu lililopanuka, na pembeni yake skrubu nyeusi iliyopigwa kwa drili. Nyingine zilishalegea. Ukiishika madigadi kwa ncha na kuitikisa inacheza, na pale inapokutana na mlango rangi ilikuwa imekwanguka hadi chuma.

"Fundi, usijisumbue," akaniambia. "Piga skrubu nyingine hapo pembeni nirudi steji. Kwani hiyo bolti ya kumi inabeba nini?"

Mvua ikaanza, abiria wakakimbilia vibarazani, naye akakubali kuniachia gari mpaka alasiri. Nilimfungia madigadi yake vizuri, akaondoka. Swali lake halikuondoka. Wiki kadhaa sasa nikishika spana ya kumi, ile ya milimita 10, linanirudia.

## Swali la haki

Madigadi ni nyepesi. Kijana wa gereji anaibeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu. Haibebi injini, haishiki tairi, haihusiki na breki. Ikiwa skrubu ya bati inaishika, na dereva ana hesabu ya jioni inayomsubiri, mimi ni nani wa kumweka kwenye benchi kwa saa tatu kwa ajili ya nati asiyoiona?

Hilo si swali la kupuuzwa. Hapa Kampala watu wengi wanatengeneza gari kwa pesa ya leo, siyo ya mwezi. Fundi anayemwambia mtu kama huyo kwamba kazi isiyofuata utaratibu wa kiwanda si kazi, hajui maisha ya barabarani. Nimewaona mafundi wenye msimamo huo. Gereji zao safi, na magari yaliyomo ni ya mashirika.

Kwa hiyo nilitaka jibu ambalo lingemtosha yule dereva, siyo mwalimu wa chuo cha ufundi.

## Bati lenyewe halina uwezo

Bati la madigadi lina unene wa kama milimita 0.7 au 0.8. Bolti tunayoiita ya kumi, kwa sababu ya spana yake, kipenyo chake ni milimita 6, na kutoka jino moja la hesi, yaani ile mizunguko ya meno, hadi jingine ni milimita 1. Maana yake ni kwamba bati ni jembamba kuliko hatua moja ya hesi. Hata ukilichonga kwa tapu, chombo cha kuchongea hesi, nzuri namna gani, halipati mzunguko mmoja kamili wa kuishika bolti.

Ndiyo sababu kiwanda huweka nati nyuma yake. Nati ya milimita 6 ina kimo cha kama milimita 5, yaani meno kama matano yanayogawana kazi, ingawa mzigo mkubwa hubebwa na yale ya kwanza. Pengine nati imechomelewa, pengine imefungiwa ndani ya kizimba kidogo cha bati ili iweze kucheza kidogo, pengine ni klipu iliyochomekwa ukingoni.

Sasa angalia tundu la kwenye madigadi. Ni kubwa kuliko bolti, mara nyingi limerefushwa. Wengi hudhani limelika. Halijalika, limetengenezwa hivyo makusudi, ili fundi asogeze madigadi mbele, nyuma, juu, chini, mpaka nafasi kati yake na mlango na boneti ilingane kutoka juu hadi chini, ndipo akaze.

Skrubu ya bati inaiua nafasi hiyo. Inatoboa madigadi na chuma cha nyuma kwa pamoja na kuviganda palepale vilipo, vimekaa sawa au vimepinda. Ukitaka kusogeza milimita mbili, huna budi kutoboa tundu jipya. Na kila tundu jipya ni chuma kilichovuliwa rangi, nyuma ya madigadi, mahali ambapo matope ya msimu wa mvua hujaa na kukaa na unyevu kwa miezi.

Yule dereva alikuwa anabeba ushahidi wa jambo hili mlangoni kwake, kila anapoufungua.

## Nani anaua hesi

Watu husema gari limezeeka. Umri una sehemu yake, kutu pia, lakini hesi nyingi ninazozikuta zimekufa hazikufa kwa uzee.

Rangi ndiyo ya kwanza. Gari linapopigwa rangi bila kuziba nati, rangi na praima huingia ndani ya hesi na kukauka. Siku ya kufunga, bolti inakuwa nzito. Kijana anachukua bunduki ya upepo ya kukazia bolti, anabonyeza, bolti inapanda upande, inakula meno, na kwa kuwa inakaza kwa nguvu kila mtu anadhani imefungwa vizuri. Atakayeifungua baada ya mwaka ndiye atakayejua.

Ya pili ni bolti za duka la vifaa vya ujenzi. Bolti ya robo inchi inafanana sana na bolti ya milimita 6. Kipenyo chake ni milimita 6.35, na ile ya kawaida ina meno 20 kwa inchi, yaani hatua ya milimita 1.27. Ukiisukuma kwenye nati ya Kijapani inaingia mzunguko mmoja, inagoma, halafu kwa spana ndefu inaingia tena. Inapoingia inachonga njia yake na kufuta iliyokuwepo.

Na hata ndani ya milimita kuna mtego. Bolti nyingi za kumi na nne kwenye magari ya Kijapani zina kipenyo cha milimita 10 na hatua ya 1.25. Ile unayouziwa kama bolti ya kawaida ya milimita 10 ina hatua ya 1.5. Kwa macho hutazitofautisha ukiwa juani. Ziweke ubavu kwa ubavu, meno yakabiliane, utaona mwanga ukipita kati yake.

Mzee aliyenifundisha kazi kule Busia alikuwa na sanduku la spana za inchi kutoka enzi za Land Rover za zamani. Akituonyesha zile spana alikuwa akitusimulia habari za Whitworth, Mwingereza ambaye mwaka 1841 alipendekeza hesi zote za nchini kwake ziwe za kipimo kimoja, kwa sababu kabla ya hapo kila karakana ilichonga ya kwake. Alisimulia kwa heshima, kama mtu anayemtaja babu wa ukoo. Halafu alituwekea sheria moja tu: bolti yoyote inaanzwa kwa vidole. Mizunguko mitatu kwa vidole kabla ya chuma kugusa chuma. Ikigoma, itoe, itazame.

Sijapata kuona hesi iliyouawa na vidole.

## Bolti ya kusafishia

Siyo kila bolti inayogoma imekula hesi. Hapa ndipo gereji nyingi zinapoteza nati ambazo zingepona.

Chukua bolti mpya, ya kipimo unachokijua, ipake mafuta kidogo, ijaribu kwa mkono. Ikiingia nusu na kukwama, huenda ni uchafu: rangi, lami ya chini, matope yaliyokauka yakawa kama saruji. Mafundi wengi hapo hukimbilia tapu ya kuchonga. Tapu inachonga, haichagui. Inaondoa rangi, na ikikaa upande kidogo inaondoa chuma pia, na nati ya meno matano haina chuma cha kupoteza.

Mimi hutumia bolti niliyoitengeneza. Ni bolti nzuri ya daraja 8.8, namba ya uimara wake. Naifunga kwenye jiliwa, nakata kwa msumeno wa chuma mifereji mitatu kutoka nchani kwenda juu, ikipita katikati ya meno, kisha naipitisha kwenye nati nzuri ili kuondoa makapi ya msumeno. Mifereji ile ndiyo inayokusanya uchafu. Unaingiza nusu mzunguko, unarudisha robo, unaingiza tena. Ikitoka, mifereji imejaa unga wa rangi, mweupe au wa fedha kutegemea gari. Unaifuta kwa kitambaa, unarudia. Mara ya tatu au ya nne bolti inateleza hadi mwisho kwa vidole viwili.

Kuna raha katika kuihisi ile nati ikifunguka. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo.

## Nati inayozunguka gizani

Gari la yule dereva halikuwa na bahati hiyo. Nati ilikuwa imeachia kulehemu kwake na kuzunguka ndani ya boksi, na hapo ndipo mimi mwenyewe huwa na mashaka.

Kuitoa si kazi. Unasaga kichwa cha bolti kwa grainda, au unakichimba kwa drili, kilichobaki kinaangukia ndani. Kazi ni kinachofuata.

Njia ya zamani ni kuchomelea nati mpya. Ni imara kuliko zote ikifanywa sawasawa. Lakini ikifanywa sawasawa maana yake ni kutoa waya hasi wa betri, kuvua nyaya za umeme zinazopita nyuma, kuhakikisha hakuna sponji wala lami ya kushika moto, na kusaga zinki iliyofunika bati mahali utakapochomelea. Moshi mweupe wa zinki siyo wa mchezo. Anayeuvuta mchana hutetemeka homa jioni na kudhani ni malaria. Halafu joto linaunguza rangi upande wa ndani, ambako huwezi kuirudisha kwa brashi, na kutu inaanzia hapo. Nimeona nati iliyochomelewa kwa ustadi ikiwa nzima kabisa, na bati lililoizunguka limeoza.

Njia nyingine ni nati ya ribiti. Unatoboa tundu, kwa hesi ya milimita 6 mara nyingi ni tundu la milimita 9, unaingiza nati yenye shingo nyembamba, unaivuta kwa chombo chake, shingo inajikunja nyuma ya bati na kulibana. Huhitaji kufika nyuma. Huhitaji moto. Kama huna chombo, bolti ndefu, nati na washa, pamoja na spana mbili, vinafanya kazi hiyo ukiwa na subira: spana moja inazuia bolti isizunguke, nyingine inakaza nati mpaka uhisi shingo imejikunja.

Nilipoanza kuzitumia nilizipenda kupita kiasi. Kisha zikaanza kurudi, zimelegea, zinazunguka kama ile nati ya kwanza. Nikatafuta sababu kwa gari moja baada ya jingine. Karibu zote zilikuwa kwenye matundu yaliyopanuka kuliko kipimo, ya skrubu au ya kutu. Nati ya ribiti hushika kwa msuguano wa mdomo wa tundu. Mdomo ukiwa umechakaa, hakuna cha kushika. Siku hizi tundu likiwa bovu naweka kwanza kiraka kidogo cha bati. Nikipata nati yenye mwili wa pembe sita natoboa na kupiga tupa tundu liwe la pembe sita pia, ikizuiwa na pembe hizo isizunguke. Mdomo wa tundu naupaka praima kabla ya kuvuta. Na naepuka za alumini sehemu za chini zinazopigwa na maji, kwa sababu alumini na chuma vikigusana kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa.

Penye ukingo wa bati, achana na yote hayo. Chomeka nati ya klipu. Ikiharibika unaichomoa kwa koleo na kuweka nyingine, na fundi ajaye atakushukuru bila kukujua.

Madigadi ya yule dereva ilipata klipu penye kingo na nati za ribiti juu. Nilipanga nafasi ya mlango kwa macho na kidole, nikakaza. Bolti ya milimita 6 ya daraja 8.8 inavumilia kama niutoni-mita 10 tu, kwa hiyo spana fupi, mkono karibu na kichwa, basi.

## Mkanda

Kilichobadilisha mawazo yangu hakikuwa madigadi.

Baadaye lililetwa gari la familia kunyooshwa nguzo ya katikati, lilikuwa limegongwa ubavuni. Halikuwa mara yake ya kwanza kugongwa, rangi ilisema hivyo. Nilipofika kwenye bolti ya chini ya mkanda wa usalama, ilianza kutoka kwa vidole. Nikaivuta. Ilikuwa bolti ya kawaida ya bodi ya milimita 10, na mtu aliizungushia waya mwembamba wa shaba ili ishike.

Kwenye magari mengi, ya Japani, Ulaya na Marekani, bolti ya mkanda ni ya inchi: 7/16, meno 20 kwa inchi. Ni karibu milimita 11.1, na hatua yake ni milimita 1.27. Bolti ya bodi ya milimita 10 ina hatua ya 1.25. Tofauti ya hatua ni ndogo mno, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu bolti isiyo yake inazunguka na kuingia kana kwamba ni yake. Meno yanagusana kwa ncha tu, au hayagusani kabisa. Waya wa shaba ulijaza pengo.

Kanuni namba 14 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vishikio vya mikanda huvijaribu kwenye magari madogo kwa kuvuta kila sehemu ya mkanda, ya begani na ya kiunoni, kwa nguvu ya niutoni 13,500. Hiyo ni kama kuning'iniza zaidi ya tani moja na theluthi. Ile bolti niliichomoa kwa vidole viwili.

Nyuma ya kiti chenye mkanda huo palikuwa na kiti cha mtoto.

Nilikaa chini. Nilimfikiria aliyeifanya kazi ile, na sikuona mtu mbaya. Niliona fundi aliyezoea. Siku nyingi alikuwa ameambiwa funga tu ishike, kwenye madigadi, kwenye bampa, kwenye taa, akafunga, ikashika, mwenye gari akafurahi, hakuna aliyeumia. Mkono wake ukajifunza. Ulipofika kwenye mkanda haukujua kwamba hapa ni mahali pengine, kwa sababu bolti iliyokataa ilikuwa inakataa vilevile kama zile nyingine, na waya wa shaba ulikuwa mezani.

Hapo nikapata jibu la kumpa yule dereva. Bolti ya kumi haibebi uzito. Inambeba atakayeifungua baada yako, na inaufundisha mkono utakaofunga mkanda.

Nati ya mkanda ilipona kwa tapu ya kipimo chake, 7/16 kwa 20, iliyopitishwa taratibu na mafuta, na bolti halisi ya mkanda kutoka gari lililochinjwa kwa ajili ya vipuri. Ingekuwa imekufa nisingeipanua na nisingeweka nati ya ribiti. Ningekata kipande kizima chenye bati lake la kuimarisha kutoka gari jingine na kukichomelea mahali pake, au ningemwambia mwenye gari asipakie mtu kwenye kiti kile.

## Kwenye karatasi ya makadirio

Kazi ya hesi hailipwi. Mtathmini wa bima anahesabu madigadi, taa, rangi, saa za kunyoosha. Nati iliyokufa hana mahali pa kuiandika. Mteja naye analipia anachokiona, yaani rangi inayong'aa. Hilo linaniuma, maana linamfanya fundi mwaminifu aonekane ghali na mwenye skrubu aonekane hodari.

Nimeanza kuiandika mstari wake peke yake: hesi, na namba ya matundu. Wengine huuliza, nawaonyesha. Wengine hukata mstari kwa kalamu, na madigadi nawaachia, ni gari lao. Bawaba na kufuli ya boneti siwaachii, kwa sababu boneti inayofumka kwenye barabara ya Jinja inaziba kioo chote. Viti na mikanda pia siwaachii. Wapo waliokwenda gereji nyingine kwa sababu hiyo, na sikuwafuata.

Kwa anayetaka kuanza: nati za klipu za milimita 6 na 8 zinapatikana Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, kwa wanaouza vipande vya magari yaliyochinjwa, mara nyingi zikiwa bado zimechomekwa kwenye bati, na za kutosha madigadi moja hazizidi sana bei ya rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, na chai. Chagua ambazo ulimi wake bado una mnyumbuko, usichukue zilizofunguka kama mdomo. Za ribiti nunua za chuma. Na usiende mikono mitupu. Nenda na bolti yako, ijaribu palepale mbele ya muuzaji: ikiingia mizunguko mitatu kwa vidole bila kukwama wala kucheza, lipa.